Sabuni Yangu Ilivyopikwa Mchuzi Mikese

Sista wa bweni letu ana kidole gumba ambacho, kwa maoni yangu, kingestahili kupewa cheo na kiti chake kanisani. Siku ya kufungua shule Sista husimama mlangoni, kila msichana hutoa sabuni aliyokuja nayo ya muhula mzima, naye huibonyeza kwa kidole hicho. Sabuni ikikikataa, unapita. Ikikikubali, ikabaki na shimo kama kitovu cha mtoto, unaambiwa kwa upole wote wa kitawa: "Rudi nayo nyumbani, mwanangu. Ikikauka, mje wote wawili."

Sababu anayo. Sabuni teketeke huyeyuka kabla muhula haujafika katikati, mwenye sabuni akaanza kuazima, na Sista anasema kuazima sabuni ni mlango wa dhambi nyingine. Hizo nyingine hajawahi kuzitaja. Tulizikisia wenyewe, kwa furaha kubwa.

Mwaka juzi mwenye kitovu nilikuwa mimi. Mara ya kwanza Sista alinihurumia. Mara ya pili alinirudisha, nikapanda mlima na uji wangu kwenye jani la mgomba huku wenzangu wakinipungia leso. Tulipokuwa tunafunga shule kwa ajili ya Noeli akaniita pembeni.

"Januari ukija na uji tena," alisema, "kitanda chako nampa mwenye shida nacho."

Mwenye shida nacho nilimjua. Ni binti wa katekista wa kijiji cha pili, aliyekosa nafasi kwa kuchelewa. Watu walisema alikuwa akiniombea rozari kila jioni. Sikuuliza alikuwa akiniombea nini.

Sasa, mtu wa mjini atauliza kuna ugumu gani kukausha sabuni. Huyo hajafika kwetu. Milima ya upande wa Matombo haina kiangazi, ina mapumziko tu kati ya mvua na mvua. Ukungu huingia ndani bila hodi, ukakaa kwenye kigoda, na ungekuwa na mdomo ungedai uji. Chumvi hulia machozi kwenye kibuyu. Kiberiti hukwaruzwa mpaka kikachakaa bila kuona moto. Hata ugoro wa bibi hupata unyevu, naye huutazama kisha hutazama mbinguni, kama mtu anayejua nani wa kumlaumu ila anaogopa kumtaja.

Mama yangu hupika sabuni kama wapikavyo wanawake wengi wa kwetu. Maganda ya ndizi huanikwa, yakachomwa, majivu yakatiwa kwenye chungu chenye matobo chini, yakamwagiwa maji. Yale maji yanayochuruzika, makali ya kuchubua ulimi (nimejaribu), huchemshwa na mafuta ya ng'ombe mpaka yashikane. Sabuni ya majivu kwa tabia yake ni laini, kwa hiyo mwisho hutiwa chumvi ili ijitenge na maji na kujikaza. Mwaka ule mafuta tuliyapata kwa mchinjaji wa gulioni. Huyo ni Mwislamu, kama wachinjaji wote wa kwetu, ili nyama iliwe na kila mtu na ugomvi ubaki kwenye bei tu.

Visanduku vya kumiminia hatuna. Mama humimina kwenye magome ya mgomba, na kwa hiyo sabuni yetu hutoka ndefu, nyembamba, imejikunja kidogo pembeni. Tafadhali likumbuke umbo hilo.

Tulianza kuianika nje. Jua likachungulia, tukaitoa mbio kwenye ungo. Jua likatuona, likaondoka. Mbuzi wa jirani akaja akailamba kwa sababu ya chumvi, akatoka povu mdomoni, na mwenye mbuzi akakimbia kijiji kizima akisema mnyama wake kapata wazimu. Tukaihamishia chini ya kitanda cha mama. Huko ikatoka jasho, kisha ikaota ukungu mweupe. Bibi aliinama, akaitazama.

"Hii imeanza kuota manyoya," alisema. "Muiache kidogo, itabweka."

Bibi ndiye aliyeamua mwisho. Huyu ni mama yake mama, mwenye nyumba na mwenye kauli. Alisema penye ukavu nyumba nzima ni mahali pamoja tu: darini, juu ya mafiga, kule tunakokausha mbegu za mahindi. Mama akasema itanuka moshi. Bibi akamjibu kwamba sisi sote tunanuka moshi na bado tunaolewa. Basi tukaipanga kwenye kikapu cha wazi, tukakining'iniza kwa kamba iliyopakwa pilipili ili panya wafikiri mara mbili, na moto ukakokwa chini yake mchana na jioni.

Ilikauka? Ilianza. Nilipanda kila asubuhi kuibonyeza kwa kidole gumba, nikijifanya Sista, na kidole kilizidi kukataliwa. Ila rangi ilibadilika. Kutoka nyeupe ikawa ya manjano, kutoka manjano ikawa kahawia, mafuta yakajitokeza juu yakang'aa, na harufu, Mungu anisamehe, ilikuwa ya ng'ombe wa sikukuu.

Hapo ndipo alipokuja mtani.

Huyu ni Mzaramo wa Mikese, kule chini kwenye tambarare ambako reli inapita, mtani wa bibi tangu ujana wao. Kazi yake kununua ndizi milimani na kuziteremsha kwa baiskeli. Kupanda huisukuma tupu, kushuka huisukuma imebeba, na bado akikutana na mtu hupiga kengele ili apishwe kama mtu aliyepanda chombo.

"Hodi wenye mlima!"

"Nani huyo anayehema kama ng'ombe anayezaa?" bibi alijibu bila kutoka jikoni. "Bila shaka ni Mzaramo. Pita. Ngoma zimekwisha huko kwenu?"

"Zimekwisha kwa njaa. Nimekuja kuwaangalia nyani wangu kama bado wanashikilia matawi."

Aliingia akainamisha kichwa kwa sababu ya moshi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Hujaolewa tu?"

"Nasubiri ufe, nirithi baiskeli."

"Tazama ulimi huo! Ndio wanaowafundisha huko kwa masista?"

Akakaa, bibi akampa uji. Alipoinua bakuli kumalizia, macho yake yakapanda juu pamoja na bakuli, na bakuli likashuka peke yake.

"Nini kile?"

"Kipi?" bibi aliuliza.

"Kile. Minofu ile." Alisimama. "Aa! Wachoyo nyie! Mtani anapanda mlima roho mkononi, anapewa uji wa maji, kumbe juu ya kichwa chake mmetundika ng'ombe mzima!"

Nikafungua mdomo. "Babu, ile si..."

Bibi alinikanyaga. Mguu wa bibi umepanda milima hii tangu enzi za Mjerumani. Dole gumba langu halikuwa mlima mkubwa kwake. Nikafunga mdomo.

Mtani naye hakuwa mjinga. Alikunja uso. "Ila nyie Wakristo. Nani kachinja?"

"Kachinja Mwislamu mwenzio, pale gulioni," bibi alisema. "Ukishuka pita umuulize."

"Ni ng'ombe?"

"Ng'ombe mtupu."

"Na mbona mnamkausha hivi?"

"Unyevu wa kwetu unaujua. Tumehangaika naye, chini ya kitanda mpaka akaota manyoya."

Yote kweli. Padre mwenyewe asingepata cha kumwondolea bibi pale. Mtani alipanda kigoda, akafungua kamba, akanawa macho kwa sababu ya pilipili, akakishusha kikapu chote.

"Hii nimechukua," akatangaza. "Kwa utani."

Na mtani akishatamka hivyo, mambo yamekwisha. Huwezi kununa, huwezi kumnyang'anya, huwezi hata kukunja ndita hadharani. Unacheka. Bibi alicheka. Alimsindikiza mpaka nje kwa vigelegele, akambebesha na ndizi za nyongeza, na kengele ya baiskeli ikateremka mlima ikilia kama arusi. Kisha bibi alirudi ndani, akateleza ukutani mpaka chini, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

Mama alitoka kwenye matuta, yale ya ngazi tunayochimbishwa na bwana shamba, akiwa na tope mpaka magotini. Akatazama juu. "Sabuni ya mtoto iko wapi?"

"Imekwenda kupikwa," bibi alisema, akaanza upya.

Mama hakucheka hata jino moja. Mimi ndiyo kwanza nikaelewa kilichotokea, nikaanza kulia.

"Nyamaza," bibi akaniambia. "Shule itakuwepo tu. Utani kama huu mtu huupata mara moja maishani."

"Na kitanda changu, bibi?"

"Kitanda gani?"

"Alichosema Sista atampa binti wa katekista."

Hilo sikuwa nimemwambia. Bibi aliokota kilemba chake, akakifunga taratibu, na kicheko kikamtoka usoni kama moshi unavyotoka kwenye makuti, kidogo kidogo, bila kwisha.

Akaitwa mjomba, maana kwetu jambo la mtoto humalizwa na mjomba wake. Mjomba alisikiliza, akaomba asimuliwe tena sehemu ya manyoya, akatoka nje kidogo, akarudi akiwa amevaa sura ya hakimu.

"Utani hauna kesi," akasema. "Hata ningempeleka barazani, wazee wangenifukuza kwa kuwapotezea muda. Kitu kilichochukuliwa kwa utani hurudi kwa utani."

Kupika nyingine haikuwezekana. Mafuta yangepatikana ng'ombe mwingine akichinjwa, na hata yangepatikana leo, sabuni isingekauka kabla ya kufungua. Tulikaa tukautazama moto unaowaka chini ya dari tupu. Mwisho bibi akasema: "Aliyemkanyaga mtoto ni mimi. Nitakwenda naye mimi."

Tuliteremka kwa miguu mpaka barabarani, tukapata lori la ndizi, tukakaa juu ya mikungu. Bibi aliimba njia nzima nyimbo za kuwateta Wazaramo, kwa kujiandaa. Tulipofika Mikese jua lilikuwa limekaa juu ya vichwa vya watu bila huruma. Nyasi zimekauka mpaka zinalia. Bibi alivua viatu alivyovaa kwa heshima ya safari, akavivaa tena haraka mchanga ulipomchoma.

"Sasa nawaelewa Wazaramo," akasema. "Jua hili linakausha mpaka akili."

Mke wa mtani tulimkuta uani akipepeta mpunga. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatutazama na kuacha ungo.

"Nyie ndio wenye nyama?"

"Ndio sisi," bibi alisema.

"Kaeni. Kaeni niwaambie." Akavuta mkeka, na naapa alikuwa amemsubiri mtu wa kumwambia. "Bwana kafika na kikapu, kaita majirani, kaita na mzee anayetuswalishia. Leo tunakula nyama ya Waluguru, anasema. Nimebandika. Nimechochea. Likaja povu. Nikasema sawa, nyama hutoa povu; nikalitoa. Likaja lingine. Nikatoa. Nikasema ng'ombe huyu aliishi vibaya. Nikatoa mpaka mwiko wenyewe ukatakata, sufuria ambayo sijapata kuiona rangi yake tangu niolewe ikaanza kung'aa!"

Bibi alikuwa ameshika mbavu.

"Na mzee?" nikauliza.

"Mzee alionja mchuzi, kwa heshima. Akameza. Akashukuru. Akaaga. Hajarudi mpaka leo, ila mkewe ananiambia tumbo lake halijapata kuwa jepesi namna ile."

"Na iliyobaki?"

Akanyanyua kidevu kuelekea banda la kuku. "Alivurumisha kikapu kule juu kwa hasira. Kiko huko tangu siku ile."

Nilikuwa nimeshapanda kabla hajamaliza. Banda lilikuwa limeezekwa bati kuukuu lililochomwa na jua mpaka ukiligusa unatema mate. Sabuni yangu ilikuwa imetawanyika juu yake. Nikachukua kipande, nikakibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikaumia. Nikakigonga kwenye bati. Ko, ko, ko. Kama mlango. Unyevu wote wa Uluguru ulikuwa umekwenda zake, jasho hamna, manyoya hamna. Nilikibusu, na mpaka leo sijutii, ingawa kilikuwa kichungu.

"Teremka!" Mtani alikuwa amesimama mlangoni kwake na kofia yake ya kiua. "Mali yangu hiyo."

"Babu, ni sabuni ya shule. Nisipokwenda nayo nafukuzwa."

"Shule ni yako, sabuni ni yangu. Niliichukua mbele ya bibi yako, akanipigia na vigelegele." Alikuwa anacheka kwa meno tu, maana kununa haruhusiwi. "Nimeaibika mtaa mzima. Watoto wakiniona wanapuliza mapovu. Nitaifulia kanzu yangu mpaka siku ya kufa, na mtakuja msibani mnikute natakata."

Bibi akajaribu. Akataja ujana wao, akataja mwaka wa njaa waliomlisha ndizi, akamwita majina ambayo sitayaandika kwa sababu daftari hili Sista hulipitia. Mtani akatingisha kichwa. Wala hakuwa anakosea. Mjomba alishasema: utani hauna kesi.

Nikateremka mikono mitupu. Na nilipokuwa najipangusa vumbi nikaiona, imeegemezwa ukutani kivulini, imefunikwa khanga kama bibi arusi. Nikaenda nikaifunua. Nikaishika usukani.

"Babu," nikasema, "hii nimechukua. Kwa utani."



"Hujui kuipanda," mtani alisema.

"Nitaisukuma. Kwani wewe ukija kwetu huwa unaipanda?"

Mke wake akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa upande wa khanga. Nami nikaanza kwenda. Baiskeli ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, kanyagio likanichuna ugoko, nusura niangukie mpunga, lakini nilifika njiani na nikapiga kengele. Watoto wakatoka kila upande. Nikapiga tena.

"Utaifanyia nini huko juu?" mtani alipaza sauti, sasa anatufuata.

"Tutaianikia sabuni," bibi alimjibu.

"Mtani, usifanye hivyo. Ndizi nitabebea nini?"

"Kichwani, kama watu."

Alitufuata hadi lilipokuwa lori. Alipoona utingo ameshika gurudumu la mbele kulipandisha, akavua kofia, akajipepea, na hapo ndipo akacheka kweli, tumboni, mpaka akakaa kwenye jiwe.

"Nipe baiskeli yangu, nyani mdogo. Kachukue sabuni zako. Ila moja inabaki."

"Ya nini?"

"Ya kumpelekea mzee, nimwombe radhi."

Tulipokuwa tunaikusanya kwenye kikapu, mke wa mtani ndiye aliyetukumbusha jambo ambalo hata bibi hakuliwaza. "Na huko kwenu itakaaje? Ikipanda mlima si itakuwa uji tena?" Akaleta debe la mafuta ya taa lililooshwa na kukaushwa juani, akamwaga pumba za mpunga chini, akapanga sabuni, akamwaga pumba tena, mpaka juu. Mdomo akaufunga kwa kitambaa na kamba, akaupaka nta. "Usifungue kwenu," akaniambia. "Hata ukililia. Fungua mbele ya huyo Sista."

Basi debe likakaa nyumbani siku zote zilizobaki, na mvua ikanyesha kana kwamba imelipwa. Sikufungua. Nililinusa tu, nikaliegemezea sikio, nikaota usiku nimefungua nikakuta uji unanipungia leso. Mama akanitishia kunifunga mimi kwenye debe.

Siku ya kufungua shule binti wa katekista alikuwa pale pale mlangoni, na godoro lake la majani limekunjwa, na rozari mkononi. Tukasalimiana kwa adabu, kama mabondia. Zamu yangu ikafika. Nikakata kamba mbele ya Sista, nikaingiza mkono kwenye pumba, nikatoa kipande cha kwanza nilichokigusa nikiwa nimefumba macho.

Sista akabonyeza. Akabonyeza tena. Akageuza upande wa pili, akaweka uzito wa mwili. Kisha akakitazama kidole chake kama mtu aliyesalitiwa na rafiki wa zamani. Akainusa, nyusi zikapanda.

"Umeikaushia wapi hii?"

"Mikese, Sista. Juu ya banda la kuku."

"Nani alikufundisha?"

"Mzaramo mmoja, Sista. Lakini kwanza aliipika."

Nadhani aliona kwamba kila swali litazaa jingine, na foleni bado ilikuwa ndefu.

"Pita," akasema.

Binti wa katekista naye alipata kitanda, usiwe na wasiwasi. Msichana wa nyuma yangu alikuwa na kitovu. Sasa analala jirani yangu, na ananiambia kwamba tukifua mtoni siku ya Jumamosi harufu ya sabuni yangu inamtia njaa, anakosea hata Salamu Maria. Mbwa wa misheni hunifuata mpaka darasani kila nikivaa sare iliyofuliwa.

Likizo hii mama amepika nyingine, na debe liko tayari. Bibi ametuma salamu Mikese kwamba darini kuna minofu, mtani aje upesi na jua lake. Jibu limerudi na lori la ndizi: mtani atakuja, lakini atakuja kwa miguu, baiskeli ameifungia ndani, na ufunguo amempa mzee.